Songea, Mji Unaopitiwa na Makaa ya Mawe

Mgeni aliyefika Songea kwa sifa za makaa ya mawe ya Ruvuma hataona shimo wala mtambo wa kuchimbia. Makaa yanachimbwa Ngaka, wilayani Mbinga, kwenye kijiji cha Ntunduwaro. Songea yanafika yakiwa juu ya malori. Hata hivyo, bila Songea makaa hayo yangepata shida kuifikia bahari, na sababu iko katika sura ya nchi yenyewe.

Mji umekaa kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Matogoro. Hapo ndipo Mto Ruvuma unapoanzia, kisha unateremka kusini hadi mpakani mwa Msumbiji na kuelekea mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi maji yanafuata njia nyingine: yanaingia bonde la Ruhuhu na kuishia Ziwa Nyasa. Makaa yamelala huko, katika miamba ya Karoo yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, mabaki ya mimea ya vinamasi vya kale. Wajerumani walizijua habari zake, na Waingereza waliokuja baada yao waliyapima, lakini makaa yakaendelea kulala ardhini kwa sababu hakuna reli iliyojengwa kuyafuata.

Kilichotolewa huku kwa miaka mingi ni watu. Wangoni waliingia katika karne ya 19, wakajenga dola zao. Wajerumani wakaweka boma mwaka 1897. Tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye akanyongwa mwaka huohuo. Mashamba na maghala yalichomwa ili njaa imalize kilichobakizwa na bunduki. Nchi ikapungukiwa watu. Kisha ukaja utawala wa Waingereza, na vijana wa Songea wakawa manamba, wakisafiri mamia ya kilomita kwenda kukata mkonge Tanga. Songea iliachwa bila reli na bila viwanda, ikabaki kuwa ghala la nguvukazi ya wengine. Naamini hakuna anayeweza kuielewa idadi ya watu wa mji huu bila kuanzia kwenye jeraha hilo.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 131,336 katika Manispaa ya Songea. Mwaka 2012 walikuwa 203,309, na mwaka 2022 wakafika 286,285. Ndani ya miaka 20 wameongezeka zaidi ya mara mbili. Tusiwape makaa sifa yote: mji ulikuwa ukikua kwa kasi hata kabla ya mgodi, ambao kampuni ya TANCOAL, wakati huo ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na wawekezaji wa Australia, iliuanzisha mwaka 2011. Mji umekuzwa na mahindi, ofisi za mkoa, shule, na lami: kwanza ya barabara ya Makambako, kisha ya Mbinga na ya Tunduru.

Lami hiyo ndiyo iliyoamsha makaa. Mwaka 2016 serikali ilizuia makaa kutoka nje, na viwanda vya saruji vikageukia Ngaka. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022, Ulaya ilitafuta makaa popote, na meli zikaja kuyapakia Mtwara. Malori yanatoka Kitai, wilayani Mbinga, yanapita Songea, Namtumbo na Tunduru, safari ya zaidi ya kilomita 600. Hivyo mzigo wa bonde la Ziwa Nyasa unavuka mgongo wa Matogoro na kwenda bahari ileile inayopokea maji ya Ruvuma.

Faida ipo: mafundi wa matairi, mama lishe, nyumba za wageni. Gharama nayo ipo, kwa sababu barabara hiyohiyo ndiyo ya wanafunzi, wenye baiskeli na bodaboda. Barabara ya mchepuo imezungumzwa sana, na kwangu inastahili kutangulia mapambo yote ya mji. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, wenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, ungeondoa malori mengi zaidi. Ndiyo reli ambayo Songea imeikosa tangu enzi za boma.