Faneli ya Kujifunga: Historia ya Kifaa na Suala la Jina Lake

Utangulizi

Miongoni mwa vifaa vidogo ambavyo mfasiri hukutana navyo katika hati za zabuni, orodha za bidhaa na vijitabu vya maelekezo, imo faneli iliyoundwa kwa namna ya pekee. Chombo kinachojazwa kikikaribia kujaa, kimiminika hukoma kupita bila ya mtu kufunga chochote. Mfasiri mwenye haraka ana njia mbili rahisi mbele yake: kuandika "faneli ya otomatiki", au kuandika "faneli ya kujiendesha". Jina la kwanza halimwelezi msomaji jambo lolote, na la pili lamweleza jambo lisilo kweli, kwa kuwa faneli haiendi popote.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya kifaa hiki inatosha kutuongoza kwenye jina lake. Hoja yetu ni moja. Jina la kifaa cha usalama, pamoja na maelezo yanayofuatana nalo, halina budi kumfahamisha mtumiaji ni kitu gani kinachofunga na ni wakati gani kinafunga. Anayeambiwa tu kwamba kifaa "hufanya kazi chenyewe" huondoa macho yake na kukiamini. Penye petroli au mafuta ya taa, imani ya namna hiyo yaweza kuleta moto.

Faneli na msamiati wa kujaza

Neno "faneli" tumelipata kwa Waingereza. Wao walilipokea kutoka lugha za kusini mwa Ufaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini infundibulum, yaani kitu cha kumiminia ndani. Kwa hiyo jina la asili lilitaja kazi ya kifaa. Sisi tulilipokea neno likiwa limekwisha kupoteza maana hiyo masikioni mwa wasemaji, wala hapana ubaya, kwani limeenea na kila fundi analijua.

Kuhusu tendo la kujaza, Kiswahili si maskini. Tunatofautisha kujaa na kufurika. Tunasema chombo kimejaa pomoni, au kimejaa farafara pale kimiminika kinapolingana na ukingo. Msamiati huu ulikua pamoja na vyombo vyenye midomo mipana. Anayejaza mtungi kwa kata huyaona maji yakipanda, naye huacha kwa wakati.

Mambo yalibadilika mafuta ya taa yalipoanza kuingia pwani yetu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Yalikuja katika makopo ya bati ya galoni 5 za Kimarekani, yaani karibu lita 19. Makopo ya namna hiyo yalipokwisha mafuta yaligeuzwa kuwa ndoo na vipimo vya nafaka, na ndiyo asili ya debe tulijualo. Kutoka kopo mafuta yalimiminwa katika taa, na tangi la taa ya chemli ni la bati lenye tundu dogo. Anayelijaza haoni ndani. Mwenye uzoefu husikiliza, kwa sababu mlio wa mafuta huzidi kuwa mwembamba kadiri nafasi ya hewa inavyopungua. Asiye na uzoefu huyamwaga mafuta juu ya taa ambayo baada ya dakika chache itawashwa kwa kiberiti. Hapa ndipo ilipo haja ya faneli inayojua kuacha.

Njia ya kwanza: boya na kilango

Wazo la kimiminika kujizuia chenyewe ni la kale sana. Huko Aleksandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, fundi Ktesibios alitengeneza saa ya maji. Saa ya namna hiyo haiwi sahihi isipokuwa maji yaingie kwa kasi isiyobadilika. Kama wanahistoria walivyoisawiri upya, ndani yake mlikuwa na kitu chenye kuelea. Maji yakizidi, kitu hicho kilipanda na kuziba tundu la kuingizia, na yakipungua kilishuka na kulifungua. Heron, wa mji huohuo katika karne ya 1 baada ya Kristo, alieleza bakuli ambalo mvinyo ukichotwa hujazwa tena hadi kiasi kilekile, kisha mmiminiko hukoma. Kazi hiyo nayo ilifanywa na boya.

Elimu hii haikupotea. Mjini Baghdad, yapata mwaka 850, ndugu watatu waitwao Banu Musa, yaani Muhammad, Ahmad na Hasan, waliandika Kitab al-Hiyal, kitabu cha vifaa vya werevu vipatavyo mia. Vingi kati yake hutumia maboya na vilango vyenye umbo la pia vinavyokaa barabara ndani ya matundu yake. Mwaka 1206 al-Jazari alimaliza huko Diyarbakir kitabu chake kikubwa cha mitambo. Ndani yake twakuta saa za maji ambazo boya lililobeba kizibo cha umbo la pia hudhibiti maji yanayoingia. Umbo hilo lina sababu yake: pia hujiweka sawa katikati ya tundu, na kadiri inavyosukumwa ndivyo inavyozidi kuziba.

Tukitoka hapo hatuna haja ya kukawia. Mwaka 1765 Ivan Polzunov wa Siberia alitumia boya kudhibiti maji ya bwela la injini ya mvuke. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach wa Ujerumani aliunda kabureta ambayo petroli yake ilidhibitiwa kwa boya. Tangi la maji la chooni, ambalo karibu kila mtumishi wa ofisi analiona kila siku, hufuata kanuni ileile: boya hupanda, mkono wake huinuka, na koki hujifunga.

Faneli ya aina ya kwanza ni mjukuu wa vifaa hivi. Katika shingo yake mna boya dogo. Kimiminika kikifika shingoni boya huinuka na kuziba njia. Twaona mara moja masharti yake. Faneli isimame wima. Boya lisikwamishwe na taka. Kimiminika kiwe kizito kiasi cha kuliinua, kwani boya lililopimwa kwa maji huzama zaidi katika petroli.

Njia ya pili: pumzi ya hewa

Njia ya pili haina boya. Msingi wake ni kwamba chombo "kitupu" kimejaa hewa, na kimiminika hakiingii mpaka hewa itoke. Philon wa Byzantium, aliyeishi pia katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alieleza taa ambayo mafuta yake hubaki katika kina kimoja kwa msaada wa mrija wa hewa. Sehemu za kitabu chake zimetufikia kwa tafsiri ya Kiarabu, jambo ambalo wafasiri wenzetu wana haki ya kujivunia.

Katika faneli ya aina hii, shingo huziba mdomo wa chombo barabara, na hewa huachiwa mrija mwembamba wa kutokea. Kimiminika kikifunika ncha ya chini ya mrija huo, hewa iliyobaki haina pa kutokea, nayo hukizuia kimiminika kisiendelee kushuka. Hapana kinachofungwa kwa maana ya kawaida. Hewa yenyewe ndiyo kizuizi. Sharti lake ni tofauti kabisa na la boya: shingo ya faneli ikilegea mdomoni mwa chombo, hewa hupenya pembeni na kimiminika hufurika.

Ndugu wa karibu wa faneli hii ni mdomo wa pampu ya petroli. Karibu na ncha yake pana kitundu. Petroli inapopita kwa kasi mahali pembamba ndani ya mdomo hufyonza hewa kupitia kitundu hicho, kwa kanuni iliyoelezwa na Mwitalia Giovanni Battista Venturi mwaka 1797. Petroli ikipanda tangini na kukifunika kitundu, hewa hukatika, mvuto huongezeka, kiwambo huvutwa, na kilango hujifunga kwa mlio ambao kila dereva anaufahamu. Mdomo huo haujui ukubwa wa tangi. Unajua tu kwamba kitundu chake kimefunikwa. Ndiyo maana petroli yenye povu huufanya ujifunge mapema.

Funzo la Hemel Hempstead

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya yanastahili kurasa za lugha. Tunamjibu kwa tukio moja. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2005, katika ghala la mafuta la Buncefield karibu na mji wa Hemel Hempstead, Uingereza, tangi kubwa lilikuwa likijazwa petroli kwa bomba. Kipimo cha kina kilikwama, na wasimamizi wakaona tangi limetulia ilhali lilikuwa likiendelea kujaa. Juu ya tangi palikuwa na swichi ya pekee ambayo kazi yake ilikuwa kutoa ishara na kusimamisha mmiminiko petroli ikifika juu mno. Haikufanya kazi. Petroli ilifurika, mvuke wake ukatanda, na mnamo saa 12 asubuhi ukalipuka. Watu 43 waliumia. Hapana aliyekufa, na wengi wamesema kwamba siku yenyewe kuwa Jumapili ilisaidia.

Uchunguzi ulionyesha kwa nini swichi ile ilishindwa. Ilikuwa na mkono wa kufanyia majaribio, na mkono huo ulihitaji kufuli ndogo ya kuushikilia mahali pake baada ya jaribio. Bila kufuli, mkono uliweza kushuka na swichi isifanye kazi. Waliofunga swichi hawakuelezwa hivyo. Walidhani kufuli ni ya kuzuia watu wasiichezee tu, nao hawakuiweka. Chuma kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni maelezo ya wazi kutoka kwa aliyekijua kifaa kwenda kwa aliyekitumia, na kazi ya kuyafikisha maelezo ya namna hiyo katika lugha yetu ni ya mfasiri.

Mapendekezo

Kwanza, kuhusu tendo lenyewe. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana hapa, na tofauti yake ni kubwa. Faneli "inayofungika" ni ile inayoweza kufungwa. Maana yake pana mtu atakayeifunga. Faneli "inayofungwa" yamtaja mtu huyo kwa uwazi zaidi. Faneli "inayojifunga" ndiyo peke yake inayokitaja kifaa kuwa mtendaji. Mfasiri akiandika "inayofungika" mahali pa "inayojifunga" amehamisha wajibu kutoka kwa kifaa kwenda kwa mtumiaji bila ya kumwarifu. Ni kweli kwamba kitenzi "kujifunga" kina matumizi mengine, kama vile kujifunga kibwebwe, au timu kujifunga bao; lakini penye neno "faneli" hapana msomaji atakayepotea. Kwa hiyo jina la jumla tunalopendekeza ni faneli ya kujifunga.

Pili, kuhusu sehemu inayofunga. Neno "vali" limekwisha kukubalika katika ufundi na tiba, na hatutaki kuling'oa. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba asili yake ni neno la Kilatini valva, yaani ubao wa mlango, na kwamba mafundi wa Baghdad nao waliita kitu hichohicho bab, yaani mlango. Anayeandika "kilango" katika maelezo ya mtumiaji wa kawaida anafuata njia iliyopitwa na wakubwa hao, na msomaji wake ataelewa bila ya kamusi.

Tatu, kuhusu aina mbili tulizozieleza. Tunapendekeza faneli ya boya kwa ile ya kwanza na faneli ya hewa kwa ile ya pili. Neno "boya" ni la Kireno kwa asili. Wanaopenda neno lililozaliwa nyumbani wanalo "chelezo", kutokana na kuelea. Tumechagua "boya" kwa sababu limeenea bara na pwani. Tofauti ya majina haya mawili si ya kupendeza masikio: anayejua kwamba mkononi ana faneli ya boya ataishika wima, na anayejua kwamba ana faneli ya hewa ataikaza mdomoni mwa chombo.

Nne, kuhusu maelekezo. Sentensi "Faneli hii hufanya kazi yenyewe" iachwe. Mahali pake iandikwe, kwa mfano: "Mafuta yakifika shingoni, boya huinuka na kuziba njia. Shika faneli wima. Usiondoke mpaka umiminaji ukome." Maneno yameongezeka kidogo, lakini mtumiaji sasa anajua la kutazamia, na lisipotokea atajua kwamba pana hitilafu.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yamemaliza suala. Walimu wa shule za ufundi, mafundi wa magari na wahudumu wa vituo vya mafuta huenda wana majina yao ambayo hayajafika katika orodha zetu, na baadhi yake yaweza kuwa bora kuliko tuliyoyatoa hapa. Tunawaomba wasomaji wanaoyasikia wayaandike pamoja na mahali yanapotumika, ili yajadiliwe kabla ya jina lolote kusanifiwa.