Pensheni Haipigi Hodi

Upweke wa wazee wetu haukuletwa na simu za mkononi. Enzi za ukoloni, vijana wa Buha walipokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wazazi walibaki kijijini wakitazama njia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliikabidhi familia jukumu la msingi la matunzo, ilhali familia yenyewe ilikwishatawanyika. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Hatua ya heshima. Lakini nilipomuuliza mama yangu anahitaji nini, hakutaja fedha. Aliuliza, “Utakuja lini, mwanangu?” Sikuwa na jibu. Watunga sera, nami nikiwamo, tuanzie hapo.