Kuunda Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ukiwa Busia ama Malaba: Chukua Hii, Wacha Hiyo

Busia ndio ilipea dunia jina boda boda, zile baiskeli zilikuwa zinavusha watu kutoka boda moja mpaka ingine. Sisi wa mpakani tumezoea kila kitu kinapita hapa. Shida ni kwamba vingi vinapita tu. Trela inatoka Mombasa na mzigo wa maana, inakwama kwa foleni ya Malaba, halafu inaenda zake Kampala. Ukitafuta kadi ya picha ya kuchezea gemu kwa duka za mtaa, mara nyingi utaonyeshwa chaja, earphone na laptop ya ofisi.

Kwa hivyo wasee wengi wanaagiza: Nairobi, Kisumu, Eldoret ama Kampala. Na kuagiza ni noma juu kitu kikikosa kuingia, kurudisha ni fare, siku nzima na stori mingi na muuzaji.

Mimi nilijifunza kwa machozi. Nilikuwa nimeweka doh miezi nane nikiuza maji na soda kwa madereva wa trela. Nikachukua kamashine kadogo ka ofisi, kasafi, bei poa. Wiki tatu baadaye nikaagiza kadi ya picha. Ikafika, nikafungua sanduku, kadi ni ndefu kuliko mashine yenyewe, na inataka waya ya umeme ambayo mashine haina. Muuzaji akasema mali ikitoka dukani hairudi. Niliuza hiyo kadi kwa hasara. Hii makala ni ile ningependa mtu angenipea siku hiyo.

1. Anza na gemu, sio na mashine

Jiulize unataka kucheza nini. eFootball, CS2, Valorant, Dota 2 na GTA V hazihitaji mashine ya milionea. EA Sports FC ni nzito kidogo: FC 25 ilikuwa inataka angalau kadi ya kiwango cha GTX 1050 Ti, RAM ya 8GB, na nafasi ya 100GB kwa diski.

Halafu kuna suala la Windows. Microsoft ilimaliza kusapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Ukiwa na Windows 11, Valorant nayo inakagua TPM 2.0 na Secure Boot, ukikosa haifunguki. Kwa hivyo mashine ya kizazi cha 4 inaweza kuwa rahisi leo na ikufungie mlango kesho.

2. Njia ni mbili

Njia ya kwanza ni ex-UK: unachukua kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, kama Dell OptiPlex ama HP EliteDesk, halafu unaiongezea kadi ya picha. Hii ndio njia ya bei ya chini.

Njia ya pili ni kuunda kutoka zero na prosesa iliyo na picha ndani yake. Hapa jina la kushika ni Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021: kori 6, na picha ya Vega imejengewa ndani. Unaanza kucheza bila kadi, settings zikiwa chini, halafu ukishika doh unaongeza kadi. Inaingia kwa mazabodi za soketi ya AM4, kama B450 na B550. Mazabodi ya B450 iliyokaa dukani siku mingi inaweza kukataa kuitambua mpaka BIOS isasishwe, kwa hivyo iwashwe mbele yako.

Chunga hizo herufi. Ryzen 5 5600 bila G haina picha ndani. Intel zenye F mwishoni, kama i5-12400F, pia hazina. Ukinunua hiyo bila kadi, utawasha na skrini itabaki giza.

3. Prosesa: soma nambari

Kwa Intel, nambari ya kwanza baada ya kistari ni kizazi. i5-4590 ni ya 4, i5-6500 ni ya 6, i5-8500 ni ya 8. Zikiwa tano kama 10400, kizazi ni cha 10. Mtu akikwambia "hii ni i5, ni moto", hajakwambia kitu bado. i5-6500 ina kori 4, i5-8500 ina kori 6, na zote ni i5.

Kama mfuko unaruhusu, lenga kizazi cha 8. OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 ziko hapo.

4. Umbo la mashine: hapa ndio nilichezwa

Mashine za ofisi zinakuja kwa saizi tatu, na jina la modeli linaweza kuwa lile lile:

- Ndogo kabisa, ya kushikwa na mkono mmoja. Hii haiweki kadi ya kawaida ya picha. Wachana nayo.
- SFF, ile nyembamba ya kulala. Inaweka kadi fupi tu, ile wauzaji wanaita low profile. Pawa saplai yake mara nyingi ni kama wati 180.
- Tower, ile ya kusimama. Hii ndio unataka. Ina nafasi, na hewa inapita.

Usiulize tu "ni OptiPlex?" Uliza "ni tower?" Halafu itisha picha ya ndani, kifuniko kikiwa kimetolewa.

Kitu ingine: Dell na HP hutumia pawa saplai zenye umbo na waya zao wenyewe. Usidhani utatoa yake uweke ile ya duka la jirani.

5. Kadi ya picha

Kwa gemu, hii ndio moyo wa mashine. Sloti ya kadi kwa mazabodi inatoa mpaka wati 75. Kadi ikikula chini ya hapo, haihitaji waya ya ziada, na hizo ndizo zinafaa mashine ya ofisi:

- GTX 1050 Ti ya 4GB, ya mwaka 2016. Mzee, lakini bado anasukuma gemu za mpira.
- GTX 1650 ya 4GB, ya mwaka 2019. Kwa bajeti yetu hii ndio ya katikati. Kuna zile fupi na zile za kawaida, na nyingine zina tundu la waya ya umeme. Uliza kabla ya kulipa.
- RTX 3050 ya 6GB, ya mwaka 2024, inakula kama wati 70. Iko juu kwa bei lakini ndio kali hapa. Usiichanganye na ile ya 8GB, hiyo inataka waya.

RX 6400 inakula wati 53 tu, lakini inatumia laini nne peke yake za PCIe. Kwa mashine ya zamani yenye PCIe 3.0 inapoteza nguvu. Itafaa zaidi kwa mazabodi mpya.

RX 580 ya 8GB utaiona kwa bei tamu. Ni kadi nzuri, lakini inakula kama wati 185 na nyingi zilichimba krypto usiku na mchana. Kwa OptiPlex sahau. Kwa mashine ya kuunda zero na pawa saplai ya maana, sawa, lakini ipimwe kwanza.

6. RAM na SSD

16GB ndio ya kukaa nayo vizuri. Chukua vipande viwili vya 8GB badala ya kimoja cha 16GB, juu vikiwa viwili prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja. Kwa 5600G hii ni lazima, maana picha yake inakopa RAM hiyo hiyo. Kipande kimoja kitaifanya ichechemee.

Bei ya RAM ilipanda dunia nzima mwisho wa 2025, viwanda viliposukuma chip kwa mitambo ya AI. Kwa hivyo mashine ikija na 8GB tayari, anza nayo na uongeze baadaye. Hakikisha tu ni DDR4. Kizazi cha 4 kinatumia DDR3, na hizo mbili haziingiliani.

Diski: SSD, bila mjadala. Diski ya kuzunguka itaweka sinema na gemu za zamani. SSD ya 480GB ama 512GB inatosha kuanza, lakini kumbuka FC peke yake inakula 100GB. SSD ya terabaiti 2 ikiuzwa bei ya chips na soda, hiyo ni feki.

7. Stima, joto na vumbi

Hapa kwetu stima inapotea na kurudi na hasira. Hiyo kurudi ndio inaua mashine. Weka UPS. Haitakupea masaa ya kucheza, itakupea dakika za kuseva na kuzima polepole. Kama hujaifikia, chomoa waya stima ikipotea, na usirudishe mpaka itulie.

Kwa mwenye anaunda zero, usibane doh kwa pawa saplai. Sanduku jepesi kama mkate lenye maandishi "wati 600" linakudanganya. Chukua ya jina linalojulikana, hata kama ni wati 450.

Na vumbi ya trela tunaijua. Usiweke mashine chini sakafuni. Ifungue kila miezi miwili mitatu, ipulize, ushike feni isizunguke ukipuliza.

8. Monita na intaneti

Monita za ex-UK ziko na bei nzuri, lakini angalia tundu za nyuma. Nyingine zina VGA, na GTX 1650 haitoi VGA. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, waya tupu haifanyi. Na chomeka monita kwa kadi, sio kwa mazabodi. Watu wamelia kadi ni mbovu kumbe waya iko pahali si pake.

Kwa intaneti, ukiwa unatumia hotspot ya simu karibu na boda, zima kuchagua mtandao kiotomatiki. Simu ikiruka ikashika laini ya Uganda katikati ya mechi, unapoteza mechi na kredo pamoja.

9. Kugawa doh

Tuseme uko na thao 60. Hizi sio bei za duka, ni namna ya kugawa ili sehemu moja isikule zingine:

- Mashine ya tower: 22
- Kadi ya picha: 18
- RAM na SSD: 8
- Monita: 6
- UPS: 6

Kama uko na nusu ya hiyo, chukua tower na SSD kwanza. Cheza gemu nyepesi, piga kazi nayo, halafu kadi ifuate. Tower nzuri bila kadi inangoja. Kadi nzuri bila tower inakaa kwa kabati, niulize mimi.

10. Nairobi ama Kampala?

Kampala iko kama kilomita 200 kutoka hapa, Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Soketi za ukutani ni zile zile pande zote mbili, hakuna haja ya adapta. Lakini usilinganishe bei ya rafu tu. VAT ya Uganda ni 18%, ya Kenya ni 16%, na mali iliyonunuliwa ng'ambo unaitangaza kwa forodha ukirudi. Busia na Malaba zote ni vituo vya pamoja: unakaguliwa mara moja, kwa upande unaoingia. Beba risiti, na uulize maofisa wa forodha kabla ya kununua, sio baada.

Kupitisha kwa panya route ni kuweka doh yako yote kwa mkono wa mtu mwingine. Ikishikwa imeenda. Na ikiharibika, bila risiti waranti ni hadithi tu.

Kama inatumwa na basi, ambia muuzaji atoe kadi kwa sloti aifunge kando. Barabara ikiruka, kadi nzito inaning'inia na kuvunja sloti.

11. Kabla ya kutoa M-Pesa

Mashine iwe imewaka. Kama uko mbali, itisha video inayoonyesha jina lako limeandikwa kwa karatasi kando ya skrini. Kisha:

- GPU-Z ionyeshe jina la kadi. Kadi feki za zamani zilizobandikwa jina mpya huandikwa FAKE hapo.
- CrystalDiskInfo ionyeshe afya ya SSD.
- FurMark izunguke dakika kumi. Skrini ikipiga mistari ama mashine ikizima, asante, kwaheri.
- Jaribu kila tundu la USB na la sauti.

Muuzaji akikataa kuiwasha, huyo anakuuzia mbuzi kwa gunia.

Mashine ya kwanza haitakuwa ya ndoto. Iwe tu ile inaweza kuongezewa. Mimi sasa niko na tower, na kila kitu nimeweka kimeingia bila kulazimishwa.