Mtuhumiwa si mkosaji: hukumu ya kusambaza habari za uhalifu

 

Wazazi hutuuliza: picha ya mtu aliyekamatwa ikitufikia kwenye simu, inafaa kuisambaza ili watu wajihadhari?

Haifai kumtangaza mtu kuwa mkosaji kabla ya hukumu. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuichunguza habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na aliyeanza kuituma picha ile mara nyingi hatumjui kabisa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Hata magazeti makubwa hukosea. Aprili 1989, mjini New York, mwanamke alishambuliwa na kubakwa katika bustani ya Central Park. Walikamatwa vijana watano wa miaka 14 hadi 16, mmoja wao Muislamu, Yusef Salaam. Magazeti yaliwafananisha na kundi la mbwa mwitu, na Donald Trump akalipia matangazo katika magazeti manne kutaka adhabu ya kifo irejeshwe. Kesi ilikuwa bado haijasikilizwa. Vinasaba havikulingana na vya yeyote kati yao, lakini mwaka 1990 wakatiwa hatiani. Mwaka 2002 mtu mwingine alikiri, vinasaba vikawa vyake, na hukumu zikafutwa. Salaam alikuwa amekwishakaa kifungoni karibu miaka 7.

Kwa hivyo tunausia:

1. Aliyekamatwa aitwe mtuhumiwa. Kumwita mwizi kabla ya hukumu ni dhulma, na kumsingizia mtu zina bila ya mashahidi wanne ni dhambi kubwa (Suratun Nur, aya ya 4).

2. Mwenye ushahidi asinyamaze, khasa katika udhalilishaji wa watoto. Aupeleke polisi na mahkamani, si kwenye makundi ya simu. Jina na picha ya mtoto vifichwe.

3. Aliyesambaza tuhuma ya uongo awarejee wale wale aliowatumia, awaambie ukweli, na amuombe radhi aliyemdhulumu. Kufuta ujumbe peke yake hakutoshi.

Tukumbuke kuwa watoto wa mtuhumiwa wanasoma chuo kimoja na watoto wetu, na picha ile huwafikia.

Allah azihifadhi ndimi zetu na mikono yetu. Wallahu aalam.