Kitabu cha kusikiliza: jina na kazi yake

Waingereza husema audiobook, na Wajerumani husema Hörbuch, neno lililojengwa juu ya kitenzi chao cha kusikia. Kiswahili bado kinasitasita. Utakutana na kitabu cha sauti, kitabu sauti, kitabu sikizi na kitabu cha kusikiliza, na kila jina lina watetezi wake. Kwa mtu mzima anayesikiliza riwaya akiwa kwenye foleni ya magari, jina lolote linafaa. Kwa mtoto wa miaka sita anayejifunza kusoma, mimi nachagua la mwisho.

Kinachotajwa ni kitabu kilichosomwa kwa sauti na kurekodiwa, maneno yakiwa yaleyale yaliyo kwenye kurasa. Hapo ndipo kinapoachana na hadithi za redioni. Kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania kililea masikio ya watoto wengi, lakini msikilizaji wake hakuwa na ukurasa wa kufuatisha. Kitabu cha kusikiliza chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya watoto. Uingereza ilianza kuvitoa vitabu hivi kwenye santuri mwaka 1935 kwa ajili ya wasioona, na miongoni mwa vya kwanza kulikuwa na riwaya ya Agatha Christie. Wakati huo viliitwa vitabu vinavyosema.

Kitabu cha sauti ni jina jepesi, na huenda likashinda sokoni. Kasoro yake ni kwamba kuna vitabu vya watoto vyenye vitufe: ukibonyeza, jogoo anawika. Hivyo navyo ni vya sauti. Kitabu sikizi kitawafurahisha waliozoea fasihi simulizi, ila mwalimu wa darasa la pili atalazimika kulieleza jina kabla ya kukieleza kitabu. Kitabu cha kusikiliza hakihitaji maelezo. Mtoto anayejua kitabu cha kuchorea anajua mara moja afanye nini. Tena kusikiliza si kusikia. Mtu anasikia honda ikipita nje bila kutaka, lakini anasikiliza akiwa amekusudia. Hadithi inayolia sebuleni huku mtoto akikimbizana na wenzake inasikika tu, na faida yake ni ndogo.

Na kazi yake je? Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili yanayozidishwa: uwezo wa kugeuza herufi kuwa neno, na uwezo wa kuelewa lugha inayosikika. Kwa kuwa ni kuzidisha, moja likiwa sifuri jibu ni sifuri. Mtoto wa Kiingereza huhangaika sana na lile la kwanza, maana tahajia yake ina mitego mingi. Kiswahili kina irabu tano na huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Akishapita ba, be, bi, bo, bu, mtoto anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia maishani. Anasoma kwamba sungura alijinasua mtegoni, silabi zote sahihi, na ukimuuliza nini kilitokea anakutazama tu. Kwa mtoto ambaye nyumbani huzungumza Kisukuma au Kikamba, pengo hilo ni pana zaidi. Kitabu cha kusikiliza kinalijaza pengo la upande huo wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu hasa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima mgongoni. Anayeanza kusoma hukata: wa-li-po-m-ka-ri-bi-sha, kila silabi na uzito wake, na akifika mwisho amesahau mwanzo. Msomaji mzuri hulitamka kwa pumzi moja, mkazo ukiangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto anayefuatisha kwa kidole anasikia kwamba rundo lile ni neno moja. Maandishi hayaonyeshi mkazo. Barabara ya kupita magari na barabara ya kusema "sawasawa kabisa" huandikwa namna moja, na sikio ndilo linalozitenganisha. Pwani, paa wa porini na paa la nyumba hutofautiana kwa pumzi ya p, jambo ambalo tahajia imelinyamazia.

Ndiyo maana sauti ya mashine inayobandika maneno bila kujua inasema nini ni chaguo baya kwa umri huu, hata ikiwa ya bure.

Hata hivyo, kusikiliza peke yake hakumfundishi mtoto herufi. Asikilize akiwa na kitabu mkononi, hadithi fupi, na aruhusiwe kuirudia hata kama wakubwa wameichoka. Mzazi aisimamishe katikati na kuuliza: unadhani fisi atafanya nini sasa? Bando likiwa ghali, hadithi ikishapakuliwa mara moja huwekwa kwenye memori kadi na kuchezwa kwenye redio ndogo. Mradi wa Storybooks Canada, uliotumia hadithi za African Storybook kutoka Afrika, umeweka hadithi 40 mtandaoni zikiwa na maandishi na sauti katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Isipopatikana ya kukufaa, simu yako inarekodi.

Linabaki jina la mwenye sauti. Wengi huandika "kimesimuliwa na". Msimulizi ana haki ya kuongeza chumvi, kuruka na kubadilisha. Paukwa ya leo si lazima ifanane na ya jana. Mtoto aliyeweka kidole kwenye mstari hawezi kumfuata mtu wa namna hiyo, maana neno moja likibadilishwa kidole kinapotea. Pwani mtu mmoja husoma maulidi na wengine wakasikiliza, wala hakuna anayemwita msimulizi. Juu ya jalada, basi, iandikwe "kimesomwa na".