Binti wa Mnyamwezi: Dhulma ya Wanawake katika Njia ya Tabora

Tabora, ambayo zamani wageni waliijua kwa jina la Kaze, ilikuwa njia panda ya misafara. Hapo njia iliyotoka Bagamoyo iligawika: moja ikenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, nyengine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Historia ya njia hiyo imeandikwa na wanaume. Burton, aliyefika Kaze mwaka 1857, alihisabu mizigo, masiku na bei. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kitamu, lakini wanawake hupita humo kama vivuli. Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, anatajwa kwa kuwa aliolewa na baba yake Tippu Tip, na ndoa hiyo ikampa mfanyabiashara huyo heshima na nguvu. Aliyoyataka Karunde mwenyewe hayamo.

Ilhali bila ya wanawake Tabora isingekula. Vijana wa Kinyamwezi walipoondoka kwenda pwani na pembe mabegani, waliobaki kulima na kutwanga walikuwa wanawake, wakiwamo mateka wengi walioletwa kutoka Manyema na kwengineko. Mateka wa kike alinunuliwa kwa jembe na kwa kitanda pamoja; dhulma yake ilikuwa mbili katika mwili mmoja.

Sheria nayo haikumfikia upesi. Amri ya Unguja ya mwaka 1897 iliwapa watumwa haki ya kudai uhuru wao, lakini suria aliachwa pale pale alipo, isipokuwa aende kortini akathibitishe kwamba anafanyiwa ukatili. Mlango huo mwembamba haukupanuliwa hadi mwaka 1909. Bara, Wajerumani hawakuufuta utumwa. Tanganyika ilingoja Waingereza na mwaka 1922. Wengi hawakungoja. Wako waliojinunua, wako waliotoroka usiku, na wako waliojichanganya na misafara wakapotelea njiani. Miguu ilitangulia sheria.

Ukimya huo ndio uliowapa kazi watunzi wa hadithi. Katika *Paradise*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*, msafara wa tajiri Aziz unakwenda bara na kurudi. Lakini kisa kinachokata maini kimo nyuma ya ukuta wa bustani, pwani: Amina, aliyeibwa utotoni, akaokolewa, kisha akatolewa kwa ajili ya deni na kuolewa na mdai. Hakimbii. Anachofanya ni kumsimulia Yusuf mambo yake kwa ulimi wake, bila ya kuyapamba. Katika fasihi ya njia hii, hilo si jambo dogo.

Na njia hii haikuishia Bagamoyo, ilivuka bahari. Huko Fumba, kisiwani Unguja, mnamo mwaka 1880 alizaliwa mtoto wa baba Mnyamwezi na mama Mzigua. Alipewa jina la Mtumwa. Alikua akifinyanga vyungu, akavitembeza mjini kwa sauti iliyowafanya watu watoke milangoni. Ndiye Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri.

Miongoni mwa nyimbo zake umo wa Kijiti. Mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, alitendwa unyama na kuuawa. Muuaji alivuka akenda bara, nje ya mkono wa korti ya Unguja. Wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu waliitwa kutoa ushahidi, wakatiwa wao hatiani kwa jambo la pombe. Korti ile ile iliyomtaka suria athibitishe ukatili, safari hii iliwageuzia kibao waliouthibitisha.

Siti hakuwa na korti. Alikuwa na kundi lake la taarab na hadhira yake, na mbele yao kesi ikasikilizwa upya: muuaji akatajwa kwa jina, na marehemu akaliliwa. Santuri ziliufikisha ushahidi huo mbali kuliko waranti yoyote. Kijiti aliponyoka hukumu ya hakimu, lakini karibu miaka mia baadaye jina lake lingali likisomewa mashtaka kila wimbo unapoimbwa. Na aliyemshtaki ni binti wa Mnyamwezi, aliyezaliwa akiitwa Mtumwa, akafa mwaka 1950 akiitwa Siti.