Miaka Miwili na Neno Moja

Kwa wazee wetu wa Mara, ndoa ilizungumzwa sana, ila si na wale wenye kuoana. Washenga walikwenda na kurudi, ng'ombe wa mahari wakahesabiwa, na binti alipohamia kwa mumewe kila mtu alijua yeye ni nani pale nyumbani. Hakuhitaji kumwuliza mwenzake, "Mimi kwako ni nani?" Jibu lilikuwa zizini kwa baba yake.

Miji ilibadili mambo. Musoma na Bunda zilivuta vijana waliofuata kazi za samaki, pamba na ofisini. Wengine walipanga chumba wakaanza kuishi pamoja bila mshenga wala ng'ombe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwakuta huko. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa chuo cha ualimu. Rais wetu alikuwa mwana wa Butiama, mtoto wa Mtemi Burito aliyekuwa na wake wengi. Yeye mwenyewe alifunga ndoa na Mama Maria mwaka 1953, akabaki na mke mmoja.

Kifungu cha 160 cha sheria hiyo kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, hata wakajulikana kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Tena mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Hiyo ni ngao kubwa kwa akina mama. Lakini, ndugu msomaji, wanajulikana kwa nani? Kwa majirani. Wasichoambiana wawili chumbani, watu wa nje ndio watakaokuja kukisema.

Nililiona hili Bunda baada ya kustaafu. Mama mmoja jirani yangu alikuwa ameishi na bwana wake miaka tisa, wakapata watoto wawili. Bwana alipotaka kuuza kiwanja chao, mama alikwenda kwenye baraza la usuluhishi, nasi majirani tukaitwa. Nikaulizwa, "Huyu bwana alikuwa akimtaja mama huyu kwa jina gani?" Nikajibu, "Kwetu sisi alisema 'mke wangu'." Yule mama akainama, machozi yakamtoka. Akasema taratibu, "Mimi hajaniambia hivyo hata siku moja."

Mwenyekiti akamgeukia bwana. Kumbe alikuwa akiona haya kwenda kwa wakwe mikono mitupu, na kiwanja alitaka kukiuza apate ng'ombe wa mahari! Miaka yote hiyo mama alidhani hatakiwi. Bwana alikuwa amekosa ng'ombe, akakosa na neno. Siku hiyo walizungumza, na kiwanja hakikuuzwa.

Sheria ina hekima yake: kwa kawaida hata talaka haiombwi mahakamani kabla ya kupitia baraza la usuluhishi. Lakini sheria huhesabu miaka. Haimsemei mtu moyo wake. Vijana mnaopanga chumba leo, mshenga wenu ni ninyi wenyewe. Ulizaneni mapema, kabla ya watoto na kiwanja, kila mmoja ni nani kwa mwenzake.